Barua ya wazi kwa mnaogawa fedha za utafiti: bakteria hawali mashine

Waheshimiwa wenyeviti na wajumbe wa kamati za fedha za utafiti,

Kwenye fomu ya maombi niliyojaza mara ya mwisho kulikuwa na kisanduku kimoja kilichonikalisha macho hadi usiku wa manane. Kiliuliza: "Eleza jinsi mradi wako utakavyotokomeza taka za plastiki." Chini yake palikuwa na nafasi ya mistari minne. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, na mwisho nikajaza uongo wa heshima kama wanavyojaza wenzangu: kwamba tutaunda bakteria wa kula plastiki za kila aina, kwa miaka mitatu, pamoja na kuwajengea vijana uwezo. Fedha hatukupata. Nashukuru, maana kama tungezipata, sasa hivi ningekuwa natafuta maneno ya kujazia ripoti ya mwisho.

Naomba leo nilijibu lile swali kwa ukweli na hadharani. Sisemi mtuongezee fedha. Kila barua ya mtafiti kwenu huanza na nyongeza na kuishia na nyongeza, na mimi najua kasma yenu ina mwisho. Ninachogombana nacho ni mahali mnapoziweka hizo kidogo zilizopo.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Mwaka 2016 Yoshida, Oda na wenzao wa Japani walitangaza bakteria waliyemwita Ideonella sakaiensis, kwa jina la mji wa Sakai. Walimpata baada ya kuchota sampuli 250 za udongo, tope na maji machafu kwenye eneo la kurejeleza chupa za PET, ile plastiki ya chupa za maji na soda. Ana vimeng'enya viwili, yaani protini zinazofanya kazi za kemia, vinavyopokezana kazi. Cha kwanza, PETase, hukata mnyororo wa plastiki kuwa vipande vifupi viitwavyo MHET. Cha pili, MHETase, huvipasua vipande hivyo kuwa asidi ya tereftaliki na ethilini glikoli, yaani vitu vilevile ambavyo kiwanda huanza navyo kinapotengeneza plastiki. Magazeti yalishangilia sana. Ambalo halikushangiliwa ni kwamba bakteria huyo alitumia takriban wiki sita kumaliza utando mwembamba, kwenye nyuzi joto 30, na utando wenyewe ulikuwa laini kuliko chupa.

Kwenye ule ulaini ndiko kazi yote iliko, na ndiko maandiko mengi ya miradi yanakopitia mbio. Ndani ya PET minyororo hukaa kwa namna mbili. Kuna mahali imelala shaghalabaghala kama pamba ambayo haijasokotwa, na kuna mahali imejipanga, ikabanana na kuwa fuwele. Kimeng'enya huingia kwenye pamba. Kwenye fuwele huteleza. Utando wa Wajapani ulikuwa na fuwele chini ya asilimia 2, wakati ukuta wa chupa ya kawaida, uliovutwa na kupulizwa kiwandani, unaweza kufika asilimia 30. Kwa hiyo mtu akiwaletea picha ya plastiki iliyotobolewa na vimeng'enya vyake, muulizeni swali moja tu: hiyo plastiki ilikuwa na fuwele asilimia ngapi? Akianza kubabaika, mmeokoa fedha za mwaka mzima.

Jambo la pili. PET ni plastiki moja kati ya nyingi, na ina bahati yake. Minyororo yake imeungwa kwa vifungo vya esta, na vifungo hivyo maji yanaweza kuvikata yakipata kimeng'enya cha kuyasaidia. Ngozi ya majani nayo ina kutini, mnyororo mrefu kama wa plastiki uliofungwa kwa esta, na kuvu na bakteria wanaoozesha majani wamekuwa wakiitafuna tangu zamani zile. Ndiyo maana kimeng'enya kinachotegemewa zaidi leo kwenye fani hii, kiitwacho LCC, hakikutoka jalalani. Kilitoka kwenye mboji ya majani na vijiti, na watafiti wa Osaka wakakieleza mwaka 2012. Polietilini ya mifuko na polipropilini ya vifuniko hazina esta. Ni kaboni imeshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho, na maji hayana mlango wa kuingilia. Mwaka 2022 kundi la Federica Bertocchini huko Uhispania lilieleza vimeng'enya kutoka kwenye mate ya viwavi wa nondo wa nta vinavyoioksidisha polietilini. Ni habari ya kuvutia na naifuatilia, lakini kutoka kuikwaruza ngozi ya mfuko hadi kuugeuza mfuko kuwa kitu cha kutumika bado kuna safari. Anayeandika "plastiki zote" kwenye andiko lake ama hajui kemia, ama anajua vizuri mno mnachopenda kusikia.

Hapa kati wenye fedha hawakulala. Mwaka 2020 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, na kampuni ya Carbios walibadilisha sehemu chache tu za LCC, wakavunja asilimia 90 ya PET ndani ya saa 10, kwenye nyuzi joto 72, baada ya plastiki kuandaliwa na kusagwa. Mwaka 2022 kundi la Hal Alper la Chuo Kikuu cha Texas, Austin, lilitumia kompyuta iliyofunzwa kuchagua mabadiliko, likapata FAST-PETase yenye mabadiliko matano. Hiyo ilivunja vifungashio 51 tofauti ndani ya wiki moja kwenye nyuzi joto 50. Tazameni joto hilo. PET ikikaribia nyuzi 70 minyororo yake hulegea, na kimeng'enya hupata pa kushika. Tatizo ni kwamba vimeng'enya vingi kwenye joto hilo hujikunja vibaya vikafa, kama kilivyokuwa kikifa kile cha bakteria wa Sakai. Mashindano yote, ukiyavua mapambo, ni ya kupata kimeng'enya kinachokata vizuri na kuvumilia joto.

Na kupima kama kimeng'enya kinavumilia joto kunataka beseni la maji lenye kidhibiti joto, saa, na mtu asiyechoka. Hiyo ndiyo habari njema niliyowaletea.

Sasa niwaambie fedha huenda wapi. Kuna maabara niliwahi kufanyia kazi, jina lake nitalihifadhi, iliyoletewa mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja, ya kupima asidi ya tereftaliki. Ilikuja na utepe, hotuba na picha ya pamoja. Mwezi wa saba safu yake ya kuchujia ikaziba. Safu ni kifaa cha kubadilishwa, kama tairi la gari, lakini kwenye bajeti hapakuwa na fungu lake kwa sababu si "mali ya kudumu". Viyeyusho navyo vikaisha. Nilipoondoka mashine ilikuwa na miaka miwili imefunikwa nailoni, na nadhani hiyo nailoni ndiyo plastiki pekee mle ndani ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuilisha bakteria.

Msidhani watafiti ni wajinga wa kupenda vitu vikubwa. Fedha za mradi zilizoahidiwa mwanzoni mwa mwaka wa fedha huingia mwezi wa tisa wa mwaka huo, na ikifika mwisho wa mwaka lazima ziwe zimetumika, la sivyo zinarudi. Mtu una wiki chache za kumaliza fungu zima. Utanunua nini? Bakteria huwezi kuwaharakisha. Mshahara wa fundi sanifu wa miezi kumi na minane huwezi kuulipa kwa siku moja. Mashine unaweza: zabuni moja, ankara moja, mkaguzi anaona kitu kimekaa mezani kina namba ya mali. Ratiba yenu ya malipo ndiyo inayotununulia mashine, wakuu wangu, kabla hata sisi hatujachagua.

Wakati huohuo kinachotusimamisha ni ncha za pipeti, vile vijimrija vya plastiki vya kudondoshea vimiminika. Ni chumvi za bafa, yale maji yanayozuia asidi kupanda na kushuka, ni jeni mbili tatu za kuagiza, ni umeme. Friza ya nyuzi hasi 80 ikikatikiwa na umeme wikiendi moja, kazi ya miaka inayeyuka ikawa maji machungu. Tulijifunza kwa maumivu: siku hizi kila jeni tunayotengeneza tunadondoshea tone la DNA yake kwenye karatasi ya kuchujia, tunaliacha likauke, tunaliweka kwenye bahasha na kuandika tarehe. DNA kavu haihitaji friza. Nina droo moja yenye bahasha hizo, na thamani yake naiona kubwa kuliko vyuma vyote vya chumba kile.

Ninyi mnaogawa fedha kwa kusoma makaratasi huenda hamjawahi kuona kazi yenyewe inavyofanyika, kwa hiyo niwaoneshe kidogo. Tunachukua agari, ile jeli ya kukuzia bakteria, tunaichanganya na BHET, ambayo ni kama tofali moja la ukuta wa PET. Ikiganda kwenye kisahani huwa nyeupe kama maji ya chokaa, huoni upande wa pili. Juu yake tunadondosha bakteria waliobebeshwa jeni, matoleo tofauti ya kimeng'enya, kila tone na namba yake. Tunafunika, tunaweka kwenye joto. Asubuhi matone mengi yamekaa vilevile, lakini chini ya mawili matatu weupe umefutika, pamebaki duara safi kama kioo. Ukiweka kisahani juu ya gazeti unasoma herufi kupitia lile duara. Hakuna mashine iliyotumika. Duara halithibitishi kwamba kimeng'enya kitavunja chupa, maana tofali moja si ukuta, na naomba msimwamini anayewauzia duara kama ushindi. Ni chekeche, hutupunguzia mia kuwa kumi.

Hao kumi wanapewa PET yenyewe, iliyosagwa, ndani ya bafa hafifu yenye rangi ya bromothimoli. Kimeng'enya kikifanya kazi asidi hutoka, na bluu inageuka kijani kisha njano. Wanaobaki tunawasoma kwenye spektrofotometa, kipimo cha mwanga unaofyonzwa, kwenye mawimbi ya nanomita 240, ambako vipande vya PET hufyonza mwanga. Kifaa hicho maabara nyingi zinacho, na kingi kimezeeka lakini kinafanya kazi. Wawili au watatu wa mwisho ndio wanaostahili kromatografia, na kwa hao inatosha mashine moja inayofanya kazi, yenye safu za akiba na fundi wake, ikihudumia maabara kumi na tano kwa zamu. Mkitaka kununua mashine, nunueni hiyo moja. Zile nyingine kumi na nne zigeuzeni kuwa vitendanishi.

Hata kuwaamsha bakteria watengeneze kimeng'enya kuna njia ya gharama na njia ya akili. Wengi hutumia kemikali iitwayo IPTG. Lakini mwaka 2005 Studier alionesha kwamba ukipanga vizuri sukari ndani ya chakula chao, laktosi yenyewe huwaamsha wakati ukifika, nawe umelala nyumbani. Na ukimpa kazi mdudu anayetema kimeng'enya nje, kama Bacillus subtilis au hamira ya Pichia, huna haja ya kumpasua wala kununua safu za nikeli za kusafishia. Unachuja, na majimaji yale yanaingia kazini kama yalivyo. Kwa plastiki usafi wa kiwango cha dawa hauhitajiki. Sijui kwa nini hili tunalisema kwa sauti ya chini.

Niungame na mimi, ili isionekane nawasuta wengine tu. Kuna mwaka tulipima kupungua kwa uzito wa vipande vilivyokatwa kwenye chupa zilizotumika. Kwanza uzito uliongezeka, kwa sababu bakteria walikuwa wamejenga utando juu ya plastiki nasi hatukuuosha. Tukaosha kwa sabuni ya maabara, uzito ukashuka, tukafurahi, mimi nikaanza hata kuandika muhtasari wa makala. Fundi wetu sanifu, kijana wa mkataba, alikuwa amejiwekea pembeni vipande vingine kwenye bafa tupu isiyo na bakteria. Hakutumwa na mtu. Akavipima, navyo vimepungua karibu kiasi kilekile. Kumbe kilichokuwa kikiondoka ni gundi na mabaki ya lebo. Wiki kumi na moja zilikwenda hivyo, na zingekwenda na jina langu kama si yeye. Mkataba wake uliisha mwezi uliofuata na haukuongezwa. Fungu la mafundi halikuwepo, la semina lilikuwepo.

Upande wa kompyuta, hali imebadilika kuliko fomu zenu zinavyojua. Tangu 2022 hifadhi ya AlphaFold ina maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, wazi kwa yeyote. Programu za kubuni protini kama ProteinMPNN ni za bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kusuasua anaweza kukuletea mapendekezo mia ya kimeng'enya kabla ya wiki kuisha. Kwa hiyo foleni haiko tena kwenye kubuni. Iko kwenye kuyatengeneza hayo mia na kuyapima, yaani kwenye ncha za pipeti na yule kijana wa mkataba. Mkianzisha kituo kingine cha akili mnemba kabla ya kuinyoosha foleni hiyo, mtapata mapendekezo elfu badala ya mia, yote yamekaa kwenye diski.

Na hizo kompyuta hujifunza kwa kushindwa kwetu pia. Kati ya matoleo mia, tisini hayafanyi lolote, nayo hayachapishwi popote kwa sababu hakuna jarida linaloyataka na hakuna kamati inayoyahesabu. Kila maabara inarudia makosa ya jirani yake kwa fedha zenu zilezile. Lipieni daftari la wazi la yaliyoshindwa: toleo gani, joto gani, plastiki ya fuwele kiasi gani, imetoka sifuri. Ni kazi ndogo ya fedha ndogo.

Kuhusu biashara nitasema kifupi, maana si fani yangu, ila hesabu nyingine hata mtu wa benchi anaziona. Asidi inayotoka lazima ipozwe kwa alkali, la sivyo kimeng'enya kinasimama, na alkali hiyo inalipiwa na kuacha chumvi ya kutupa. Kupasha joto kunalipiwa. Kusaga kunalipiwa. Mwisho unapata kitu ambacho kiwanda cha mafuta ya petroli hukitengeneza kwa bei ya chini. Hata kiwanda cha Carbios cha Longlaville, Ufaransa, kilichopangwa kuchukua tani 50,000 za taka kwa mwaka, ujenzi wake ulisogezwa mbele mwishoni mwa 2024 kwa sababu ya fedha. Kama wao wamekwama kwenye tani, sisi wa bajeti ndogo tusiwanie tani.

Mimi ningeweka karata yangu kwenye kinachotoka. Mwaka 2021 Joanna Sadler na Stephen Wallace wa Edinburgh, Uskoti, waliwafanya bakteria wa E. coli wageuze asidi ya tereftaliki kuwa vanilini, kiini cha ladha ya vanila, na mwaka 2025 maabara ya Wallace ikafika hadi parasetamoli kutoka kwenye PET. Ni kiasi kidogo, cha chupa za maabara, lakini gramu moja ya kitu cha thamani inaweza kubeba gharama ambazo kilo ya tereftaliki haiwezi. Mwenzangu mmoja hakubaliani nami hata kidogo. Yeye anasema fedha ziende kwenye kuyeyusha chupa na kuzitumbukiza ghafla kwenye maji baridi ili fuwele zisipate muda wa kujipanga, kazi ambayo haihitaji mwanabiolojia bali fundi wa plastiki. Huenda ndiye yuko sahihi. Tungekuwa na mwaka mmoja wa fedha ndogo zisizokatika, tungejua.

Halafu kuna wale wanaoandika kwamba watawaachia bakteria wao baharini au dampo. Wakatalieni, na msione haya. Kiumbe kilichobadilishwa jeni kina taratibu zake, na Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe hivyo, ipo tangu mwaka 2000 kwa sababu nzuri. Mbali na sheria, haina hata faida: bahari ni baridi, na mdudu akipewa chaguo atakula chakula rahisi kuliko plastiki. Kazi hii ni ya ndani ya tangi lililofungwa, bakteria wameshauawa, kimeng'enya peke yake ndicho kinafanya kazi. Andiko la namna hiyo lingestahili kibali cha haraka kuliko lile la kuachia viumbe, lakini kwa sasa yote mawili yanasubiri kwenye meza moja, na mara nyingi kusubiri huko ni kurefu kuliko jaribio lenyewe.

Basi ombi langu ni hili. Kile kisanduku cha mistari minne kiondoeni, muweke swali lingine: mtakata kifungo gani, kwenye plastiki yenye fuwele kiasi gani, na mtajuaje kwamba si gundi ya lebo? Fedha mtakazotoa zigaweni kwa robo mwaka, kidogo kidogo, na ziruhusuni kuvuka mwisho wa mwaka wa fedha. Fundi sanifu aandikwe kwenye bajeti kabla ya mashine. Mradi mmoja ukiishia kusema "tumejaribu matoleo 96, hakuna lililozidi lile la Toulouse, haya hapa yote", mhesabu kwamba umefaulu, na muulipe awamu ya pili.

Wiki hii kwenye kisahani cha tatu kuna duara moja chini ya tone namba 41. Ni dogo, kama kitufe cha shati, na kimeng'enya chake kilikuwa kimekaa kwanza saa nzima kwenye beseni la nyuzi 65. Kesho tutakipa plastiki yenyewe, na pembeni tutaweka vipande kwenye bafa tupu kama tulivyofundishwa na yule kijana. Boksi za ncha za pipeti zimebaki mbili.

Wenu,
Mtafiti wa benchi la maabara